Anselmi, Mtani wa Kompyuta

Nimeombwa nieleze maisha ya Anselmi, nami nimekubali shingo upande. Mtu mwingine angeanza kwa kusema Anselmi ni rafiki yake wa kufa na kuzikana. Mimi nasema ni mtu niliyepiga naye muziki kwenye bendi moja kwa miaka, tukala sahani moja, tukalala chini ya turubai moja kwenye lori la kiwanda, na nikamwonea wivu tangu siku ya kwanza mpaka leo asubuhi, nilipomwona anavuka barabara pale soko la Sabasaba huku kila mwenye meza anamwita. Nitasema ukweli wote, lakini msinitake nitabasamu.

Kwao ni Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Alizaliwa kwenye shamba la ukoo wa mama yake, maana kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na mwanamume anaweza kuzeeka akipalilia migomba ya wajomba. Wamisheni walimfundisha noti na kinanda cha kanisani. Alipoona kinanda hakilishi mtu, akashuka Morogoro mjini, akaajiriwa kiwandani, na bendi ya kiwanda ikampa gita la besi. Mimi nilikuwepo tayari. Mimi Stambuli, mzaliwa wa Ujiji, ndiye niliyekuwa mpiga drams wa bendi hiyo, na nilikuwa nimezoea kupendwa.

Akaja huyu na mdomo wake.

Waluguru wana utani wa koo. Ukoo huu ni mtani wa ukoo ule, na mtani ana haki ya kukutukana mbele za watu, kukuvua kofia, kudai kuku wako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Kazi yao huonekana zaidi msibani. Watani ndio wanaochimba kaburi, na mmoja wao huvaa nguo za marehemu akamwigiza mbele ya wafiwa. Anselmi alikuwa bingwa wa hilo. Niliwahi kumsindikiza kwenye msiba mmoja huko kwao. Akavaa koti la mzee aliyelala ndani, akatembea kama yule mzee, akakohoa kama yeye, akamwuliza mjane kama ugali wa leo nao umeungua. Mjane akacheka mpaka ikabidi ashikwe, kisha ndipo akalia vizuri. Njiani nikamwuliza Anselmi kwa nini hakutaja hata jambo moja jema la marehemu. Akanijibu kwamba sifa zinamfaa mtu yeyote, unaweza kumvua huyu ukamvika yule, lakini kasoro ni za mwenyewe.

Nilimwonea wivu hapo hapo, katikati ya mteremko. Niliwaza kwamba mimi nikifa watu watakaa kwenye jamvi na kusema nilikuwa mpole.

Halafu zikaja zama za ruksa, biashara zikaachiwa huru. Madukani kukajaa vitu, viwandani kukawa kweupe. Kiwanda chetu kikapunguza watu, kikapunguza tena, kikapata mwenyewe mpya ambaye hakuona faida ya kulisha bendi. Vyombo vikauzwa. Drams zangu nilizishuhudia zikipakiwa kwenye pikapu ya mwenye baa mmoja wa Gairo, ile kubwa imelazwa juu ya magunia matupu kama mgonjwa. Mpiga gita akiachishwa kazi huazima gita bovu, maisha yakaendelea. Mpiga drams aazime nini? Nikafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli Mji Mpya, nikawa nagonga rimu. Anselmi akaingia kwenye mitumba. Alitandika mashati ya Ulaya chini, akawatukana wateja, na wateja wakanunua. Hata hilo liliniuma.

Sasa nije kwenye ile kompyuta, maana bila hiyo Anselmi angebaki kuwa muuza mashati tu na mimi ningepata usingizi.

Karibu na soko kuu palikuwa na duka la Jaydeep, mzaliwa wa Morogoro kama baba yake. Aliuza redio na kanda. Biashara ilipofunguka alileta kompyuta kutoka Dar, na mkewe Sheetal, aliyesoma mambo hayo India, akaitengenezea programu ya muziki kwa akili yake mwenyewe. Haikuwa na picha wala rangi. Kioo kilikuwa cheusi, herufi za kijani, na wewe ulitakiwa kuandika amri. Uliandika PIGA, ukataja ala, ukaandika noti kwa herufi. Uliandika RUDIA, ukataja mara ngapi. Ukimaliza uliandika ANZA, na kinanda cha Kijapani kilichofungwa waya nyuma ya kompyuta kikapiga wimbo mzima bila mtu kukigusa. Kwaya na waimbaji wa harusi wasioweza kukodi bendi walikuja pale kutengenezewa muziki, wakaondoka na kanda.

Siku ya kwanza nilipoona kile kinanda kikijipigia nilishikwa na hofu, kisha nikashikwa na tamaa. Nilitaka jambo moja tu. Nilitaka wazo langu, hata moja, liingie kwenye ile programu. Drams zangu zilikuwa zimeshakwenda. Nilitaka kwaya ya Kihonda ikipigiwa muziki, au bibi harusi wa Bigwa akiingia ukumbini, mle ndani pawe na kitu ambacho bila Stambuli kisingekuwepo. Na nafasi ilikuwepo, kwa sababu Sheetal alikuwa akituomba sisi wenyewe tuliokuwa wanamuziki.

"Niambieni kasoro zake," alikuwa akisema kila mtu anapoinuka kwenye kiti. "Nini hakifanyi kazi? Nini mngependa kiwepo?"

Nasi tulijibu nini? Tulijibu kwamba ni nzuri sana. Mwalimu wa kwaya alisema ni nzuri sana na Mungu ambariki. Kijana wa taarabu alisema ni nzuri mno. Mtu amekukaribisha dukani kwake, amekupa soda ya baridi, amekuwashia feni, halafu umwambie kazi yake mbovu? Hatukulelewa hivyo. Sheetal alikuwa akisikiliza hizo nzuri sana zote na uso unazidi kupooza. Siku moja akamwambia mumewe mbele yangu, "Kila mtu ananisifu, na nusu yao hawarudi."

Mimi nilizidi wote. Nilisema sijaona kitu kizuri kama kile tangu nizaliwe. Kisha, ili nisionekane sina wazo, nikapendekeza kompyuta iwe inaamkia shikamoo inapowashwa na mtu mzima. Nikapendekeza pia pembeni ya kioo pachorwe maua. Sheetal akatabasamu kwa adabu, akasema ataangalia. Nilirudi kibandani nikiwa nimevimba kichwa, nikawaambia wateja wa baiskeli kwamba ninashirikiana na wataalamu.

Anselmi alifika pale kwa bahati tu. Wajomba zake wa Matombo walikuwa na kwaya, wakataka kanda, wakamtuma yeye kwa kuwa anajua noti. Nilikuwepo. Nilikuwa nipo kila siku wakati huo, rimu za watu zikiningoja.

Akaketi, akaandika amri zake, akaandika ANZA. Kinanda kikapiga. Anselmi akasikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi, akageukia kioo.

"We mwana, umetoka wapi?" akaiuliza kompyuta. "Umeingia mji wetu bila hodi, unapulizwa na feni, mimi mwenyeji nauza mashati juani. Basi kuanzia leo wewe ni mtani wangu."

Sheetal akamtazama mumewe. Jaydeep alishaanza kucheka, amekulia hapa hapa. "Mtani anaruhusiwa kuitukana," akamweleza mkewe. "Na yenyewe hairuhusiwi kukasirika."

"Na mwenye mashine?" Sheetal akauliza.

"Mwenye mashine anakaa pembeni, dada," Anselmi akasema. "Haya ni yangu na huyu." Akarudi kwenye kioo. "Mpumbavu wewe, hupumui! Mama wa sauti ya kwanza ana mapafu, ana pumu, ana mtoto mgongoni. Wewe unamkimbiza kama mwizi wa kuku. Akifika mwisho wa beti anataka kusimama kidogo, amtazame Mungu, ameze mate. Wewe umeshafika kiitikio peke yako, unaimba na nani huko?"

Niliona aibu kwa niaba yake. Nilimtazama Sheetal nikitegemea atalia. Alikuwa anaandika kwa haraka nyuma ya karatasi ya risiti.

"Endelea," akasema.

Akaendelea! Alisema kwamba ukikosea herufi moja ile mashine inakutupia maneno ya Kizungu na kumeza wimbo wote. "Mchoyo mkubwa! Tapika! Tapika nilichokupa sasa hivi, sikuombi ulichokula jana!" Jaydeep alishika meza kwa kucheka. Hata mama yake, Mama Geeta, aliyekuwa akikaa nyuma ya kaunta akichambua dengu na asiyependa kelele, aliinua macho.

Baada ya wiki chache nilipopita dukani nikakuta amri mbili mpya. Ukiandika PUMUA mwisho wa beti, muziki unasimama na kungoja mpaka ubonyeze tena. Ukikosea, unaandika TAPIKA, na kompyuta inarudisha kila ilichomeza. Wanakwaya walikuwa wakiiandika hiyo TAPIKA huku wanacheka hadi machozi, na hakuna aliyeisahau. Shikamoo yangu haikuwepo. Maua hayakuwepo.

Sijui kama mmewahi kuona wivu wa namna hiyo. Si wivu wa mwanamke wala wa mali.  Mimi niliyesifu kwa moyo wangu wote niliambulia soda. Yeye aliyetukana aliambulia kusikilizwa. Sheetal sasa alikuwa akimtuma mtu sokoni kumwita: "Mwambieni Anselmi nimebadilisha kitu, aje atukane." Aje atukane! Naye aliacha mashati yake na jirani, akaenda. Nilimwona akipita mbele ya kibanda changu anatembea kama mganga anayeitwa kwa mkubwa.

Siku nyingine alikuja kuketi kwangu, akachukua chupa yangu ya maji bila kuomba.

"Stambu," akasema, "mbona huji tena? Yule mpumbavu amejifunza besi sasa. Njoo umwone."

"Nina kazi," nikamjibu.

"Kazi gani? Hiyo rimu unaigonga tangu juzi."

Nikagonga rimu kwa nguvu zaidi.

Nikapiga hesabu zangu. Nikaona kwamba kosa langu lilikuwa adabu. Kama wanataka matusi, nami nina mdomo. Nikavaa shati safi, nikaenda dukani, nikasubiri mpaka pakawa na watu wa kutosha kunisikia, nikaketi kwenye kiti, nikaandika wimbo mfupi, ukapigwa. Nikajinyoosha.

"Kelele za bati," nikasema kwa sauti. "Hii si kazi. Aliyetengeneza hii mashine hana masikio. Angekaa jikoni tu apike, angetusaidia zaidi."

 Jaydeep akaacha kufunga kanda aliyokuwa akiifunga. Niligeuka kumtazama Sheetal nikingojea aseme "endelea", nikaona macho yake yamejaa maji. Na kibaya kuliko vyote, kule nyuma ya kaunta Mama Geeta alikuwa ameacha dengu zake, anatikisa kichwa polepole kwa kuridhika.

"Huyu mzee amesema," Mama Geeta akasema. "Mimi nasema kila siku, hakuna anayenisikia."

Kumbe nilikuwa nimerudia neno kwa neno ugomvi wa nyumba yao. Nilijaribu kusema natania. Jaydeep akanijibu, tena kwa upole, "Mzee Stambuli, Anselmi anatukana mashine. Wewe umemtukana mke wangu." Nikatoka. Nilipofika nje nikasikia Mama Geeta akiniita nirudi ninywe chai, na hilo lilikuwa tusi kubwa kuliko yote.

Jioni ile Anselmi alikuja kibandani. Nilijua ameshasikia, Morogoro yote ilikuwa imeshasikia. Akasema kwamba utani haufanywi na mtu mwenye hasira. Nikamwambia aondoke. Akaondoka na pampu yangu, akairudisha kesho yake, kama mtani.

Sikukanyaga tena dukani. Lakini unaweza kuukwepa mtaa, muziki huukwepi. Kanda za Sheetal zilikuwa kila mahali, kwenye mahubiri ya mkutano, kwenye ngoma za kipaimara, kwenye vibanda vya chipsi. Na watu walianza kusema kuna amri nyingine mpya, nzuri kuliko zote. Waliiita CHOKA ya Anselmi. Mwalimu wa kwaya alinieleza huku nikimwekea mnyororo. Anselmi alikuwa ameitukana mashine kwamba mpiga drams wake hachoki, hakosei, wala hatoki jasho, na kwamba hakuna binadamu aliyewahi kucheza na mtu wa namna hiyo bila kuboreka. Sheetal akaifanyia kazi muda mrefu. Sasa ukiandika CHOKA, zile drams zinapiga kama za mtu.

"Kama za mtu gani?" nikauliza kwa kejeli.

"Mtu tu," akasema mwalimu. "Mtu hai."

Drams! Katika vitu vyote vya kwenye mashine ile, alikuwa amegusa drams. Mimi niliyekaa kwenye kigoda cha drams miaka yote sikuulizwa. Aliulizwa mpiga besi. Nilimfungia mwalimu yule mnyororo mbovu makusudi, na wala sikujuta.

Kisha ikaja harusi ya mpwa wa mke wangu, kule Kihonda. Mke wangu anaitwa Mosi. Tulikutana kwenye ukumbi wa kiwanda, mimi nikiwa jukwaani na yeye akiwa amekuja na dada zake, na amekuwa akiniambia tangu hapo kwamba alinipenda kwa mgongo kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimeinama sana. Harusini palikuwa na maspika mawili na kanda. Alasiri, baada ya pilau, wakaweka muziki wa kucheza, na Mosi akanivuta mkono. Nilikataa, nikijua ni kazi ya nani. Akaenda kucheza na shangazi zake.

Nikamtazama. Mke wangu si mtu wa kucheza sana siku hizi, magoti yanamsumbua. Lakini wimbo ulipofika kiitikio, kabla hakijaanza hasa, mguu wake ukawahi. Shangazi zake wakachelewa, yeye akawahi pamoja na drams. Akasimama katikati ya watu. Akanitazama, akaja mpaka kwenye kiti changu.

"Lini ulikwenda kurekodi?" akauliza.

"Kurekodi nini?"

"Usinifiche. Huyu ni wewe."

"Hiyo ni mashine, Mosi."

"Mimi sijui mashine," akasema. "Nimecheza mbele yako tangu sijakujua jina. Huyu ni wewe, na tutaulizana nyumbani kwa nini hukunialika." Akarudi kucheza, na alicheza mpaka kanda ikaisha, uso wake ukiwa na furaha ambayo sikuwa nimemletea kwa muda mrefu. Nilikaa pale nimeshika sahani tupu, mke wangu anacheza na Stambuli asiye mimi.

Asubuhi yake nilikwenda dukani kabla sijafungua kibanda. Sheetal alikuwa peke yake, anafuta vumbi kwenye kinanda. Niliona anakaza uso. Nikasema kwanza lile lililonipasa kusema, kwamba niliyoyasema siku ile yalikuwa ya kijinga na anisamehe. Akasema yameisha. Kisha nikamwuliza CHOKA imetoka wapi.

"Anselmi hakukuambia?"

"Hatuongei sana."

Akaketi. "Nilimwomba anieleze mtu anavyopiga drams," akasema. "Nikamwambia siwezi kuandika amri ya mtu kwa jumla, nahitaji mtu mmoja. Akasema yupo mmoja. Akakaa kwenye hiki kigoda, akainama hivi, ulimi nje kidogo." Akainama, akatoa ulimi, na mimi nikajiona. "Akagonga meza kwa penseli siku nzima, siku nyingine tena, na mimi naandika. Alisema huyo mtu akikaribia kiitikio anawahi, hawezi kujizuia, kama anaogopa watamwacha. Wimbo ukiwa wa huzuni anaburuza. Tasa la mkono wa kulia, ile sahani ya shaba, analikosa kila baada ya muda, analigusa pembeni. Kiongozi wa bendi alimkemea kwa hayo miaka yote, na hakuacha. Nikamwuliza mbona anamtukana hivyo mtu asiyekuwepo. Akasema hiyo ndiyo heshima aliyonayo."

 Nilikuwa nimesimama kwenye duka la redio asubuhi, nimefanyiwa kile ambacho watani humfanyia marehemu. Amevaa koti langu na mimi bado nimo ndani yake. Na alinijua! Kasoro ambazo mimi mwenyewe nilizikana mbele ya kiongozi wa bendi, nikisema nasingiziwa, yeye alikuwa amezitunza moja moja kichwani, akazitoa bila kukosea. Mngedhani wivu wangu ungekwisha hapo. Ulibadilika sura tu. Nilimwonea wivu kwa kunijua kuliko ninavyojijua. Na yule wa kwenye mashine nilimwonea kwa sababu hatafukuzwa kazi, vyombo vyake havitauzwa, na jana yake alikuwa amemchezesha Mosi.

"Sikujua kama ni wewe," Sheetal akasema. "Alimwita yule mtu tu. Sasa nimejua. Basi kaa, usikilize, uniambie kasoro. Nani mwingine anaweza kuniambia?"

Akaandika amri, akaongeza CHOKA, akaandika ANZA.

Nikasikiliza nimefumba macho. Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli mpaka nikahisi jasho la ukumbi wa kiwanda mgongoni. Kikaja kiitikio, akawahi, nikawahi naye. Na hapo, baada tu ya kuwahi, nikaikuta kasoro.

Yule wa kwenye mashine akishawahi, alirudi kwenye mwendo mara moja, peke yake. Mimi sikurudi hivyo. Mimi nilipowahi nilijua nimemwacha Anselmi nyuma na besi yake, basi mkono wa kushoto niliuzuia, nikampa nafasi ndogo, nusu ya pumzi, mpaka nisikie uzi wake mnene umenifikia, ndipo tukaenda pamoja. Kila wimbo, kila kiitikio, miaka yote. Hilo Anselmi hakulijua. Asingeweza kulijua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akingojewa. Alidhani sikuzote amenifikia mwenyewe.

Hapo ndipo nilipokuwa na wazo. Wazo la kweli, langu, ambalo hakuna mtu mwingine Morogoro nzima angeweza kulitoa. Kile nilichokitaka tangu siku ya kwanza kilikuwa mdomoni. Ningemwambia Sheetal azuie mkono wa kushoto kidogo baada ya kiitikio, angoje besi, na angeandika pale pale, na kuanzia kesho kila harusi ingenipata mimi mzima.

"Vipi?" akauliza.

Nikafikiria Mosi akicheza na huyo mzima. Nikafikiria kibanda changu. Nikafikiria kitakachobaki kwangu.

"Ndivyo hasa," nikasema. "Ndiye mimi kabisa. Usibadilishe hata herufi."

Akanitazama kidogo, akashukuru, akahifadhi. Nilipogeuka nikamkuta Anselmi mlangoni na furushi la mashati begani. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Alinifuata mpaka nje, tukatembea hatua kadhaa kuelekea sokoni.

"Miaka yote ile nimekaa pembeni yako, Stambu," akasema. "Uso wako nikiuona najua umeshika kitu. Kuna kasoro umeisikia ukaificha."

 Akatua furushi chini.

"Yule ni wewe mwenyewe," akasema. "Hata yule unamwonea wivu?"

"Yule kuliko wote," nikamwambia.